Matroni Aliyeomba Dakika

Matroni wetu hakupenda mechi iishe, hata pale tulipokuwa tunashinda. Refa akiitazama saa yake kwa mara ya mwisho, sisi wengine tukiwa tumeshaanza kuruka na kukumbatiana, yeye alisimama juu ya ngazi ya saruji, kitenge amekikaza kiunoni, akapaza sauti mpaka mishipa ya shingo ikamtoka: "Ongeza dakika! Refa, ongeza dakika!" Wageni walidhani sisi ndio tuliofungwa. Marefa walimzoea, wakawa wanampungia mkono. Mwaka wangu wa pili chuoni wanafunzi walikwishayafanya maneno hayo wimbo, na kila mechi ya kikapu ya wasichana ilipokaribia mwisho uwanja mzima uliimba, ngoma ikipigwa, "Ongeza dakika, Matroni kasema!" Yeye hakucheka. Aliendelea kumkazia refa macho.

Jina lake lilikuwa limeandikwa kwenye kibao juu ya mlango wa ofisi yake, lakini sikumbuki mtu yeyote aliyelitumia. Hata mkuu wa chuo alimwita Matroni. Alikuwa mlezi wa bweni la wasichana, na mimi nililala katika bweni hilo miaka mitatu. Nilipohitimu niliajiriwa palepale chuoni, masijala, nikapanga chumba mtaa wa Nzuguni, nyumba ya tatu kutoka kwake. Kwa hiyo nilimjua kwanza kama mwanafunzi anavyomjua mtu wa kumwogopa, kisha kama jirani anavyomjua mtu wa kuazimana naye chumvi. Na bado yapo mambo yake ambayo nilichelewa sana kuyajua.

Mpira wenyewe hakuujua. Hilo lilikuwa jambo la kuchekesha kuliko yote. Miaka na miaka alikaa ngazi ya tatu, mahali pale pale, na hakujua kwa nini kikapu kimoja kinahesabiwa pointi mbili na kingine tatu. Siku moja nilimsikia akimweleza mgeni, kwa uhakika kabisa, kwamba pointi ya tatu ni zawadi anayotoa refa kwa mchezaji mwenye adabu. Mchezaji akitolewa kwa makosa matano, Matroni alimpa pole kana kwamba ameugua. Mpira ukitoka nje alisema, "Mpeni mwenyewe!" bila kusema mwenyewe ni nani. Mwanafunzi mmoja wa michezo alijitolea kumfundisha kanuni. Alimchorea uwanja kwenye karatasi, mistari yote. Matroni alisikiliza hadi mwisho, akaikunja karatasi vizuri, akasema, "Asante mwanangu. Sasa niambie kitu kimoja tu. Mechi inachukua muda gani, ukihesabu na mapumziko?"

Bwenini alikuwa mtu mwingine. Geti lake lilifungwa saa kumi na mbili kamili jioni, na aliyechelewa alisimama nje akajieleza mpaka akajuta. "Sababu nataka, hadithi sitaki," alikuwa anasema. Uongo aliunusa. Msichana akisema alikuwa maktaba, Matroni alimwambia alete mikono, akainusa kama ina harufu ya chipsi. Aliwahi kumrudisha binti mmoja kwao Kondoa wiki nzima kwa sababu alighushi barua ya ruhusa, na binti mwenyewe alipolia akisema ni kosa dogo, Matroni alimjibu, "Kosa si barua. Umenifanya mimi niwe mjinga." Tulimnung'unikia sana kwa hilo.

Lakini huyo huyo alizifua jezi za timu kwa mikono yake, akazianika nyuma ya ofisi na kuzikalia zamu zisije zikaibwa. Huyo huyo, wakati wa kipupwe, upepo wa Dodoma ukipita kwenye nyufa za madirisha, aliwahi asubuhi kuchemsha maji ili wachezaji wasioge ya baridi siku ya mechi. Na timu ilipofungwa, wakati mashabiki tukiwa tumenuna na kuanza kutafuta wa kumlaumu, yeye alishuka ngazi taratibu, akamwendea yule aliyekosea zaidi ya wote, akamshika bega. Maneno yake yalikuwa hayo hayo kila mara: "Kufungwa si kufa. Njoo ule." Kisha alimpeleka jikoni pale bwenini kwenye ugali wa uwele na mlenda, na kesho yake mchezaji huyo alikuwa anatembea kifua mbele kama aliyeshinda.

Mambo ya nyumbani kwake niliyaona baada ya kuhamia Nzuguni. Mume wake alikuwa mgonjwa wa kitandani. Kiharusi kilimpiga upande wa kulia akiwa kazini, na tangu hapo hakuinuka tena peke yake. Alikuwa fundi seremala, mtu mrefu, mzito. Matroni alikuwa mfupi. Nilimwona siku moja kupitia dirishani akimgeuza: alimpitishia mkono mgongoni, akaegemeza paji la uso wake kwenye kifua cha mume, akavuta pumzi, akamvingirisha kwa mwili wake wote. Ilibidi afanye hivyo mara nyingi kwa siku ili mgongo usichubuke. Chuo kilimruhusu kuacha zamu za usiku kwa msaidizi wake, na Jumatatu hadi Ijumaa mchana alikuwapo binti wa kazi. Jumamosi na Jumapili alikuwa peke yake na mgonjwa. Mtoto wao wa pekee alikuwa Mwanza na alipiga simu.

Ila Jumamosi za mechi alikuja wifi yake, dada wa mume, kutoka Kibaigwa. Alikuwa dalali wa mahindi pale sokoni, mwanamke wa sauti kubwa na mwendo wa haraka, na kuiacha Jumamosi ya soko haikuwa jambo dogo kwake. Alifika na basi la asubuhi, akafunga kilemba, akamwambia Matroni, "Haya, nenda kazini. Kazi ni kazi." Nilimsikia akisema hivyo mara nyingi na sikuwaza lolote. Baadaye, masijala, nilipangiwa kupanga upya mafaili ya wafanyakazi, na faili la Matroni likapita mikononi mwangu. Majukumu yake yalikuwa yameorodheshwa humo. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba mlezi wa bweni analazimika kuwasindikiza wasichana kwenye mechi. Nililifunga faili nikaliweka kwenye rafu. Sikumuuliza, wala sikumwambia mtu.

Msimu mmoja ulianza vibaya tangu mechi ya kwanza. Wachezaji wawili warefu walikuwa wamehitimu. Kocha alikuwa mpya, kijana mpole anayejiumauma anapozungumza, na mashabiki walimchukia kabla hawajamjua. Tulifungwa nyumbani, tukafungwa ugenini, tukashinda moja, tukafungwa tena. Kwenye kundi la simu la mashabiki watu walitukanana mpaka kiongozi akalifunga. Waliokuwa wanajaza ngazi zote sita sasa walijaza mbili, na ngozi ya ngoma ilipopasuka hakuna aliyejitolea kuiwamba upya, tukawa tunapiga ndoo. Matroni hakukosa. Alikuja na kukaa ngazi ya tatu, na wimbo wake ulipoimbwa sasa uliimbwa kwa kejeli, maana nani anataka dakika zaidi za kufungwa?

Pamoja na hayo, ligi ya vyuo ilitupa nafasi moja ya mwisho. Mechi ya kufunga hatua ya makundi tulicheza nyumbani, na wapinzani wetu, timu ya chuo kimoja cha uuguzi, walikuwa wa mwisho kabisa kwenye msimamo. Tukishinda tunakwenda fainali Morogoro, siku sita. Tukifungwa, mwaka umekwisha. Kila mtu alisema hiyo si mechi, hao tunawala. Watu walirudi uwanjani. Ngoma iliazimwa kwenye kwaya ya kanisa.

Sitaisimulia mechi yote. Tuliongoza, tukalegea, wakatupita. Sekunde za mwisho tulikuwa nyuma kwa pointi moja, na nahodha wetu, binti mkimya wa mwaka wa tatu, alipenya mpaka chini ya kikapu akaangushwa. Filimbi ikalia na muda ukawa umekwisha, lakini alikuwa na mitupo huru miwili. Akiingiza mmoja tunakwenda muda wa ziada. Akiingiza miwili tunakwenda Morogoro. Alisimama peke yake mbele ya kikapu. Upepo ulipeperusha vumbi kutoka upande wa mabweni, akasubiri lipite. Mpira wa kwanza uligonga ubao ukatoka. Wa pili ulizunguka kwenye ringi, ukazunguka tena, tukasimama sote, ukatoka.

Nilimtazama Matroni. Siku hiyo hakuomba dakika.

Uwanja ukachafuka. Chupa tupu za maji zilirushwa. Kijana mmoja alipanda juu ya benchi akawa anapiga kelele, "Vueni jezi! Vueni jezi za watu!" na wengine wakaitikia. Kundi lilimfuata kocha, akakimbilia stoo ya vifaa akajifungia, nao wakawa wanaugonga mlango wa bati kwa ngumi. Mwalimu mmoja mtu mzima, aliyekuwa hakosi mechi, alikunja bango letu mara nne kama mtu anayekunja shuka, akaliweka chini, akaondoka bila kuaga. Mimi mwenyewe nilikuwa na hasira. Nilisema maneno kuhusu nahodha ambayo ningeona aibu kuyaandika hapa.

Nahodha alikuwa ameketi chini ya kikapu, jezi ameivutia usoni. Matroni alianza kushuka. Watu walimpisha, na hata waliokuwa wakipiga kelele walipunguza sauti, kwa sababu tuliyajua maneno yanayokuja. Alifika, akasimama mbele ya yule binti. Hakumshika bega.

"Mitupo miwili," alisema. "Miwili tu. Hakuna aliyekushika mkono, hakuna aliyekukimbiza. Unajua ulichonifanyia?"

Binti alishusha jezi. Macho yalikuwa mekundu. "Nisamehe, Matroni."

"Sikusamehi."

Akageuka akaondoka, akipita katikati ya watu kana kwamba hawaoni. Nahodha alibaki ameketi vilevile, mdomo wazi.

Nilimkimbilia Matroni, nikamfikia nje ya geti la chuo. Tulitembea mpaka Nzuguni. Alipofika kwenye kona ya nyumba yake alisimama, akauegemea ukuta wa jirani. Hakutaka kuingia.

"Una haraka?" aliniuliza.

"Sina, Matroni."

"Basi simama na mimi kidogo."

Ndipo aliponieleza. Alimwambia wifi yake, mwaka ule mume alipougua, kwamba kanuni za chuo zinamtaka awepo kila mechi ya wasichana. Aliyasema ghafla, siku moja alipokuwa hajatoka nje kwa wiki mbili, na wifi akaamini. "Ningemwambia nataka kukaa tu mahali, angeacha soko lake aje? Asingekuja. Na wala simlaumu," alisema. "Bwenini wananiita, Matroni, Matroni. Nyumbani naitwa. Pale kwenye ngazi ndipo mahali pekee ambapo hakuna anayetaka nimwinue." Kuhusu Morogoro alikwishamwambia wifi kwamba atasafiri na timu, siku sita, na wifi alikubali. Begi lilikuwa limepangwa wiki mbili sasa, chini ya kitanda. "Nililala nikizihesabu," alisema. "Siku sita. Hata kikapu nisingekiangalia. Ningelala."

Kisha akanishika mkono kwa nguvu.

"Wewe uko ofisini, atakuamini. Mwambie safari ipo pale pale. Mwambie chuo kinawapeleka tu hata kama wamefungwa. Nitakwenda popote, nitalala hata kwenye gesti ya wasafiri. Nakuomba, mwanangu."

Kabla sijajibu, mlango ulifunguliwa na wifi akatoka na beseni la maji machafu. Alituona, akamwaga maji pembeni, akaja akijifuta mikono.

"Mbukwa, mwanangu," alinisalimia kwa Kigogo.

"Mbukwenyi, shangazi. Shikamoo."

"Marahaba. Mbona mmesimama kama mnaodaiwa? Wameshinda? Niambie wewe wa ofisini, huyu akirudi uwanjani hana sauti. Maana nimeshawaambia wenzangu sokoni wiki nzima ijayo sipo."

Matroni alinitazama. Sijawahi kutazamwa hivyo na mtu aliyenizidi umri. Na mimi nilikuwa msichana niliyelelewa bwenini kwake. Nilikuwa nimezoea kwamba mbele ya mwanamke huyu uongo hausemwi. Labda pia niliogopa kibarua changu, kwamba siku moja ingejulikana mtu wa masijala alidanganya kwa jina la chuo. Sijui. Ninachojua ni kwamba mdomo wangu ulifunguka na kusema, "Wamefungwa, shangazi. Kwa pointi moja."

"Kwa hiyo safari hakuna?"

"Hakuna."

Wifi alishusha pumzi. "Poleni jamani. Ila mimi Mungu kaniona, mahindi yanaingia kwa wingi wiki hii na madalali wenzangu wangeninyang'anya wateja wote." Alisema bila ubaya wowote. Aliingia ndani, akatoka na mkoba wake, akampa Matroni mkono wa kwaheri, akaenda kuwahi basi la Kibaigwa.

Matroni alisimama kidogo. Akauachia mkono wangu, ambao alikuwa bado ameushika, akaukung'uta mchanga upindo wa kitenge chake. Akaingia. Nilimsikia akisema ndani, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Nimerudi."

Jumatatu alimtafuta nahodha. Alimpata kwenye korido ya bweni, wasichana wakiwa wanapita, na mbele yao wote alimpa mkono, akamwambia, "Nilikosa mimi. Wewe ulirusha mpira tu." Binti aliupokea mkono kwa heshima, akapiga goti kidogo. Lakini hakucheza tena. Alirudisha jezi ikiwa imefuliwa, na miezi iliyobaki alitembea pembeni mwa uwanja, njia ndefu, ili asipite chini ya kikapu. Hilo Matroni aliliona kila siku kutoka dirisha la ofisi yake.

Msimu uliofuata timu ilijiandikisha ikiwa na wachezaji saba, ikacheza mechi mbili, ikajitoa. Kocha alihama. Mashabiki walihamia kwenye soka la wanaume. Matroni hakunichukia; alinisalimia, aliniazima chumvi, aliniletea zabibu msimu wa mavuno. Ila hakuniomba tena kitu chochote. Alifikisha umri, akastaafu, tukamfanyia hafla ndogo kwenye ukumbi wa chakula, akakaa kwenye kiti cha mbele na saa ya mkononi tuliyomzawadia mapajani, akitazama mlango. Binti wa kazi aliolewa. Wifi akawa anakuja Krismasi na Pasaka.

Mwaka huu, Jumamosi moja, nilikwenda nikabisha kwake saa nane mchana. Nilikuwa nimelifikiria jambo hilo miezi mingi, na kuliogopa. Nilimkuta amekaa kwenye kigoda, anachambua mchele.

"Matroni, leo nikae mimi na mzee. Wewe toka."

"Nitoke niende wapi?"

"Popote."

Alikataa. Alisema mzee mzito, siwezi kumgeuza. Nikamwonyesha, nikamgeuza mbele yake kama nilivyomwona yeye akifanya, paji la uso kifuani. Alisema mzee hajala. Nikasema nitamlisha. Mwishoni aliingia chumbani, akakaa humo muda mrefu, akatoka amevaa gauni la kanisani na kushika mkoba. Alinieleza dawa, akanieleza tena. Akatoka.

Mume wake alikuwa amelala chali, macho darini. Tangu nimjue nilikuwa nimezungumza naye salamu tu, maana maneno yalimtoka kwa shida, moja moja, na niliona ni adabu kutomchosha. Nilivuta kiti.

"Ame... kwenda?" aliuliza.

"Amekwenda, baba."

"Wana... cheza?"

"Hapana. Timu haipo tena, baba. Ametoka kupumzika tu."

Alirudisha macho darini. Nilidhani amechoka. Kisha mkono wake mzima, wa kushoto, ukanyanyuka ukaonyesha dirisha. Aliniambia, na ilimchukua muda mrefu kuniambia, kwamba siku za mechi upepo ulimletea ngoma ya chuoni. Alilala akiisikiliza. Ngoma ikipigwa sana, alijua tunaongoza. Filimbi ya mwisho hakuisikia, lakini watu wakiendelea kuimba jioni, alijua tumeshinda, na tukishinda kuna Jumamosi nyingine.

"Nili... omba," alisema. "Kila mechi. Washinde. Atoke."

"Ulijua si kazi?"

Upande mzima wa mdomo wake ulitabasamu. "Mimi... mume wake."

Halafu tabasamu likaondoka. Alisema siku ile ya mwisho ngoma ilinyamaza ghafla, akasubiri, haikuanza tena. Alilia. Dada yake alidhani mgongo unamuuma, akamgeuza. Mkono wa kushoto ulinyanyuka tena mbele ya macho yangu, vidole vitano vimenyooka, ukashuka, ukanyanyuka na kidole kimoja.

"Sita," alisema.

Niliushika ule mkono. Nilikuwa bado nimeushikilia tuliposikia geti likilalamika. Hata nusu saa haikuwa imepita. Aligeuza macho mlangoni, akaniambia haraka kuliko nilivyowahi kumsikia akisema neno: "Mwambie nimelala."

Nilitoka nikamkuta Matroni ameshika komeo.

"Nimefika barabarani," alisema. "Nimesimama. Sikujua nipande gari la wapi. Vipi, ananiita?"

"Amelala."

Aliangalia mlango, akaangalia barabara. Hakuingia wala hakuondoka. Mwishowe alikaa juu ya tofali nje ya geti, mkoba mapajani, gauni la kanisani likishika vumbi, akawatazama watu wakipita. Nilirudi ndani. Mume wake alikuwa amefumba macho kwa nguvu, kope zikitetemeka, kama mtoto anayejifanya amelala, na hakuyafumbua mpaka adhana ya magharibi ilipolia na mkewe akaingia mwenyewe kumgeuza.